Uzi wa G Uliopotea: Fidla ya Umeme Kwenye Kanisa la Nkuhungu

Malalamiko yenyewe yalikuwa mafupi: uzi wa G, ule wa sauti nzito kuliko wote, hausikiki, uzi wa E, ule wa sauti ya juu kuliko wote, unatoboa masikio. Fidla ni ya umeme, mwili wake mbao nzima isiyo na uwazi ndani, na mpigaji ni binti aliyeanza na fidla ya kawaida kabla kwaya yake, ya kanisa moja la Nkuhungu hapa Dodoma, haijamnunulia hii. Kazi aliyopewa haikuwa ya kupamba nyuma ya kinanda. Mwalimu wa kwaya alitunga wimbo wa mahadhi ya Kigogo, na ile sehemu ambayo zamani ingepigwa na zeze akamkabidhi yeye. Fidla iite, waimbaji waitikie.

Ilipoita hakuna aliyeitikia, maana haikusikika, na iliposikika watu walikunja nyuso. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mwalimu aliona fidla ni ya bei rahisi. Kijana wa mitambo aliona binti hakandamizi upinde. Binti aliona spika za kanisa zimechoka. Aliyekaribia ukweli ni mzee mmoja wa kanisa, ambaye wala hakuulizwa: "Fundi, hicho kitu kinalia kama nzi kwenye chupa."

Alikuwa sahihi kabisa. Nzi kwenye chupa ana sauti ya juu tupu, chini hana kitu. Swali lililobaki ni hiyo sauti ya chini ilipotelea wapi, na hapo ndipo wengi wanaponunua vitu visivyohitajika.

Mitambo ilikuwa imefungwa hivi. Fidla inatoka kwa waya wa gita wa mita 10 hivi, unapita ukutani hadi nyuma ya ukumbi kwenye miksa, unachomekwa tundu la laini, lile la vyombo vyenye umeme wa kutosha, kisha sauti inakwenda kwenye spika mbili kubwa za wufa ya inchi 15 kwa sauti za chini na honi kwa sauti za juu. Kwenye miksa geini, yaani ukuzaji wa sauti inapoingia, ilikuwa karibu na mwisho, besi imeongezwa yote, trebo (sauti za juu) nayo imeongezwa, na midi (sauti za kati) imeshushwa. Ukimuuliza kijana kwa nini, anakujibu vizuri tu: besi nimeongeza kwa sababu haina besi, trebo nimeongeza ili isikike juu ya ngoma, midi nimeshusha kwa sababu inakwaruza. Kila hatua ina mantiki yake. Zikiwekwa pamoja, zinatengeneza ile chupa.

Kabla ya kugusa kitufe chochote niliuliza betri ya fidla iko wapi.

"Haina betri, kaka," binti akasema. "Aliyetuuzia alisema ndiyo uzuri wake, haizimiki katikati ya ibada."

Jibu hilo lilimaliza nusu ya uchunguzi. Fidla za umeme nyingi zina kisaketi kidogo ndani chenye betri ya volti 9, na kazi yake ni kuipa sauti ya pikapu, kile kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, nguvu ya kusafiri kwenye waya. Isiyo na betri inatoa sauti ya pikapu ilivyo, na pikapu yenyewe ni piezo: kipande cha kauri kilichokaa chini ya miguu ya daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, kikibanwa na mtikisiko wa nyuzi kinatoa umeme. Volti zake si haba, lakini ni umeme usioweza kubeba mzigo. Kwa lugha ya saketi, kipande hicho ni kapasita ndogo, yaani kihifadhi chaji, mara nyingi kama nanofaradi 1 hivi. Ukiunganisha kapasita ndogo na rizista, yaani kikinza umeme, umetengeneza chujio la kukata sauti nzito, na mahali linapokatia panategemea ukubwa wa rizista. Rizista hiyo hukuinunua dukani. Ni ukinzani wa tundu unalochomekea.

Tundu la laini la miksa za kawaida lina ukinzani wa kilohm 10 hadi 20 hivi. Chukua kilohm 10 na nanofaradi 1, piga hesabu, mpaka wa chujio unaangukia karibu na Hz 16,000, yaani mitikisiko 16,000 kwa sekunde. Fidla nzima, kuanzia noti ya chini hadi mlio wa mwisho ambao sikio la mtu mzima linaweza kuukamata, iko chini ya mpaka huo, na chini yake kila ukishuka oktavi moja volti zinapungua nusu. Uzi mtupu wa G ni Hz 196, D ni 294, A ni 440, E ni 659. Maana yake msingi wa G unafika kwenye miksa ukiwa na nguvu isiyofika theluthi ya msingi wa E, hata kama binti amezivuta nyuzi zote mbili kwa uzito ule ule. Mkwaruzo wa upinde, ambao sehemu yake kubwa iko Hz 3,000 kwenda juu, ndio unaofika salama kuliko vyote.

Sasa rudi kwenye vitufe vya kijana wa mitambo. Besi ya miksa inafanya kazi yake kubwa karibu na Hz 80, ambako fidla haina noti hata moja. Alipoiongeza, alichoongeza ni vishindo vya miguu jukwaani. Trebo iliongeza kile ambacho tayari kilikuwa kingi. Midi, mahali pekee ambapo mabaki ya sauti ya fidla yalikuwa yamejificha, ndiyo aliyoishusha. Sikumlaumu, maana hakuna mpangilio wa ekolaiza ambao ungemwokoa. Kilichokatwa mlangoni hakirudishwi na ekolaiza. Unachoweza ni kuvuta mabaki pamoja na kelele zake zote.

Alikuwa pia ameshajaribu kisanduku cha DI, kile cha kuunganisha ala na miksa, aina isiyotumia umeme. Akasema kilisaidia kidogo halafu akakiacha. Ni kweli kwamba kinasaidia kidogo: vingi vya aina hiyo vina ukinzani wa karibu kilohm 140, kwa hiyo mpaka unashuka kutoka Hz 16,000 hadi Hz 1,100 hivi. Hapo uzi wa E unaanza kupata mwili, G bado yuko nje.

Stoo ya kanisa, chini ya majoho ya kwaya, kulikuwa na amplifaya ya zamani ya gita, spika moja ya inchi 12, honi haina. Mlango wa amplifaya ya gita kwa kawaida una ukinzani wa megaohm 1, yaani kilohm 1,000. Kwa pikapu ile ile mpaka unashuka hadi Hz 159, chini ya noti ya mwisho ya fidla. Nilichukua waya mfupi, nikaweka geini chini, vitufe vyote katikati, nikamwambia avute G mtupu, upinde mzima, polepole. Akavuta. Akaacha, akaitazama amplifaya, akavuta tena. Mwalimu wa kwaya aliyekuwa amekaa mbali akasogea bila kuitwa.

Waya mfupi nao si suala la usafi tu. Waya wa gita una kapasitansi ya kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Mita 10 zinakupa nanofaradi 1, sawa na pikapu yenyewe, na hapo hata kwenye mlango wa megaohm 1 karibu nusu ya volti ingeliwa njiani. Kwenye miksa tundu la laini lilikuwa limekula zaidi ya hapo, ndiyo maana geini ilikuwa mwisho na mngurumo wa umeme wa Hz 50 ukawa unapanda nayo.

Wapo wanaocheka wakiona fidla kwenye amplifaya ya gita. Waendelee kucheka. Stuff Smith, mpigaji fidla wa jazi wa Marekani, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingiza fidla kwenye amplifaya, miaka ya 1930, na tangu hapo wapigaji wengi wamekaa huko kwa sababu nzuri. Spika ya gita haina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, na ukipita Hz 5,000 hivi sauti yake inaporomoka. Kwa mwimbaji huo ni ulemavu. Kwa piezo iliyokaa kwenye mbao nzima ni dawa, maana huko juu piezo haitoi kitu cha maana zaidi ya nywele za upinde na unga wa rozini. Amplifaya za gita la akustiki, zenye twita, ni nzuri kwa fidla ya kawaida yenye pikapu bora. Kwa fidla kama hii singeshauri mtu atoe hela yake huko kwanza.

Lakini kisa hakikuishia hapo, maana G sasa ilisikika ila bado ilikuwa nyuma ya D kuliko inavyopaswa. Hesabu inaruhusu pengo dogo, kama desibeli 1 hivi. Tulichokuwa tunasikia kilikuwa zaidi. Kwa hiyo tukaacha umeme tukaangalia mbao.

Daraja lilikuwa limelala. Kwa mbali hulioni, ila ukiitazama fidla kwa ubavu unaona kichwa cha daraja kimeinama kuelekea kwenye vigingi vya kukazia nyuzi. Niliomba karatasi, nikapewa risiti ya duka. Ukingo wake uliingia chini ya mguu wa daraja upande wa G bila kusukumwa. Upande wa E haukuingia hata kona. Piezo inasikia kile inachokanyagwa, na upande mmoja ulikuwa haukanyagi.

Hili linatokea popote, ila Dodoma linatokea haraka. Mvua zikishakatika, kuanzia Mei hadi karibu na Desemba hewa hapa inakauka, na upepo wa katikati ya mwaka unamalizia kazi. Mbao za vigingi zinanywea, vigingi vinateleza, mpigaji anakaza. Kesho yake vimeteleza tena, anakaza tena. Kila ukikaza, uzi unavuta kichwa cha daraja kidogo kuelekea kwenye vigingi, na daraja halirudi lenyewe. Binti alikuwa amekaza nyuzi kiangazi chote bila kujua kwamba analilaza daraja, na alivyozidi kutosikia G ndivyo alivyozidi kukandamiza upinde, na upinde uliokandamizwa ndio unaoleta mkwaruzo ambao kijana wa mitambo alikuwa anaufukuza kwa kushusha midi.

Dawa yake ni ya mikono. Unalegeza nyuzi kidogo tu, zisiachie kabisa, unashika kichwa cha daraja kwa vidole vya mikono yote miwili, unalivuta taratibu hadi uso wake wa upande wa mkia usimame wima. Kisha unakaza kwa zamu, ukiangalia kila mara. Kigingi kinachoteleza unakitoa, unakipaka chaki ya ubaoni pale kinapogusa mbao, na kikiwa kigumu kuzunguka unagusisha sabuni kavu kidogo. Nywele za upinde nazo zinakaza zenyewe hewa ikikauka, kwa hiyo ukimaliza kupiga legeza skrubu, la sivyo utaukuta mti umepinda.

Baada ya hapo risiti haikuingia popote, na G ikakaa pamoja na wenzake.

Kilichobaki kilikuwa ni kutafuta rangi ya sauti, na hapa ladha ya mtu inaingia. Jambo la kwanza, amplifaya ile ilikuwa na matundu mawili, la juu na la chini. Usishawishike kutumia la chini eti kwa sababu piezo ina nguvu nyingi. Kwenye amplifaya za mtindo wa Fender tundu la pili lina ukinzani wa kilohm 136 tu, umerudi kwenye tatizo ulilotoka nalo. Tumia la juu, punguza geini, ongeza sauti kwa kitufe cha mwisho. Piezo inatoa vilele vikali upinde unapouma uzi, na geini ikiwa juu vilele hivyo vinapasuka kabla noti haijakomaa.

Jambo la pili, amplifaya nyingi za gita zimechimbwa katikati kwa makusudi. Vitufe vyote vikiwa kwenye 5, sauti ya kati iko chini kuliko unavyodhani. Tukaishia na midi kwenye 8, besi 3, trebo 3. Kijana wa mitambo aliguna kwa sababu inakwenda kinyume na alichozoea. Aliposikia hakuguna tena.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda. Fidla ya kawaida ina sanduku. Hewa iliyomo ndani inavuma yenyewe karibu na Hz 275, na mbao zake zina mivumo mikubwa kati ya Hz 400 na 550. Hiyo ndiyo inayoipa G na D unene. Fidla ya mbao nzima haina sanduku, kwa hiyo mivumo hiyo haipo mpaka uitengeneze. Mtu mwenye hela ananunua kifaa kinachohifadhi alama ya mwili wa fidla halisi na kuipaka juu ya sauti ya piezo, na vinafanya kazi vizuri. Sisi tulitumia midi ya miksa yenye kitufe cha kuchagua masafa: kipandisho kipana cha desibeli 3 karibu na Hz 450. Amplifaya yenyewe, kwa kuwa ni sanduku la mbao lililo wazi nyuma, iliongeza mvumo wake wa chini.

Wagogo wanalijua hili bila Hz. Zeze ina ukwaruzo mwingi kuliko fidla yoyote, ila ukwaruzo huo unapita kwanza kwenye kibuyu, na kibuyu ndicho kinachoufanya uvumilike. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na zeze na ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, na hakuna aliyemwambia apunguze trebo. Nenda tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino usikilize wazee wakipiga kundi zima. Sikio la watu wa hapa halikatai ukwaruzo, linakataa ukwaruzo usio na kibuyu. Mwalimu wa kwaya alikuwa anatafuta kibuyu bila kukitaja.

Kuifikisha sauti kwa waumini wa nyuma hatukurudi kwenye waya mrefu. Tuliweka maiki ya kawaida ya kuimbia mbele ya amplifaya, kama sentimita 5 kutoka kwenye kitambaa, nusu ya njia kati ya katikati ya koni na ukingo wake. Katikati kabisa panaleta ukali, ukingoni panaleta ukungu. Kitufe cha kukata sauti nzito kikabonyezwa. Trebo na besi za chaneli hiyo zikabaki sifuri. Amplifaya ikainuliwa juu ya kiti ubavuni mwa binti, ikimwelekea yeye wala si watu, ili ajisikie na aache kukandamiza. Kule kujisikia kulibadilisha upigaji wake kuliko kitufe chochote. Mwangwi wa mitambo, ambao kila mpigaji fidla anaukimbilia kwanza, tuliuacha sifuri: kuta za bloku, sakafu ya vigae na bati lisilo na dari zinatoa mwangwi wa kutosha kwa makwaya matatu.

Nje ni habari nyingine. Kwaya inaalikwa harusini na kwenye mikutano ya uwanjani, na kubeba amplifaya ya gita juu ya bodaboda hakufai. Kwa ajili hiyo nilitengeneza kisanduku. IC, yaani chipu ya kukuza sauti, ni TL072, ambayo utaikuta imejaa kwenye miksa mbovu na spika za kisasa zilizokufa. Mlango wake ni wa JFET, aina ya transista ambayo karibu haili mkondo. Nusu moja ya IC imefungwa kama bafa, yaani haiongezi sauti bali inaipa nguvu ya kubeba mzigo, rizista ya megaohm 10 inaupa mlango volti ya katikati inayotoka kwa rizista mbili za kilohm 10 zilizogawa betri ya volti 9, na kapasita ya nanofaradi 10 imekaa mbele yake. Mpaka wa kukata sauti nzito sasa unaamuliwa na pikapu na megaohm 10, nao uko karibu na Hz 16, ambako fidla haifiki. Yote yamo ndani ya kopo la chuma lililounganishwa na waya wa chini, kwa sababu mlango wa megaohm 10 usiozibwa unakusanya mngurumo wa kila taa iliyo karibu. Kopo linaning'inia kwenye mkanda wa binti, waya wa kutoka kwenye fidla haufiki mita moja, na kuanzia hapo unaweza kuvuta waya mrefu upendavyo hadi kwenye tundu la laini lile lile lililokuwa likiua sauti.

Ila ukienda moja kwa moja kwenye spika kubwa, honi inarudi kazini. Kwa hiyo uwanjani tunakata kila kitu juu ya Hz 6,000, tunashusha desibeli 4 karibu na Hz 3,000, tunakata chini ya Hz 150, na hapo mwangwi kidogo unaruhusiwa, maana uwanja hauna kuta. Haifikii amplifaya ya gita kwa utamu. Kwa harusi inatosha.

Jenereta bado inatusumbua: taa za mapambo zikiwashwa kwenye mstari mmoja na miksa, mngurumo unarudi, na mpaka sasa tunachofanya ni kuomba mistari itenganishwe kabla sherehe haijaanza.

Shida ya mwisho haikuwa ya umeme hata kidogo. Sauti ya fidla ilipotengemaa, kwenye ubeti wa pili ikapotea tena, na kijana wa mitambo akaanza kunyoosha mkono kwenye geini. Nikamzuia, nikamwomba mwalimu aimbishe alto peke yao juu ya fidla. Walikuwa wanatembea kwenye noti zile zile, kati ya G ya chini na D ya juu, watu kumi na zaidi dhidi ya uzi mmoja. Mwalimu alichukua kalamu, akaipandisha fidla oktavi moja kwenye ubeti wa pili, akaifuta kabisa kwenye nusu ya kwanza ya ubeti wa tatu, na kuirudisha chini pale tu alto wanapovuta pumzi.